Watu Wanne, Piano Moja na Broadway Nzima

Gazeti humtuma mhakiki wake kwenye tamthilia mpya mara moja. Anatazama, anaandika, makala yake inatoka siku ya uzinduzi, na baada ya hapo ni nadra kurudi. Tamthilia ikifa, imekufa. Ikiishi, itaonyeshwa mara nane kwa wiki kwa miaka na miaka. Waigizaji wa kwanza wataondoka, waje wengine, nao wawapishe wengine, na hakuna mwenye kalamu atakayekwenda kuangalia kama kile kilichosifiwa bado kipo jukwaani au kimebaki kwenye bango la nje tu. Broadway, mtaa wa New York uliolipa jina soko zima la tamthilia za muziki nchini Marekani, pengo hilo ni pana. Cats ilifunguliwa Oktoba 1982, ikafungwa Septemba 2000. Les Misérables ilianza 1987, ikaenda hadi 2003. The Phantom of the Opera iliyoanza Januari 1988 haikushuka jukwaani hadi Aprili 2023, baada ya maonyesho 13,981. Aliyenunua tiketi katika mwaka wa ishirini aliuziwa sifa zilizoandikwa na watu waliotazama waigizaji wengine kabisa.

Kazi ya kurudi na kutazama tena imefanywa na kikundi cha wachekeshaji. Forbidden Broadway, yaani Broadway ya marufuku, ilianza tarehe 15 Januari 1982 katika Palsson's, klabu ya chakula cha jioni kwenye Mtaa wa 72 Magharibi, mbali kidogo na kumbi kubwa za katikati ya jiji. Mwanzilishi wake, Gerard Alessandrini, alikuwa mwigizaji kijana aliyejikimu kwa kazi ya mgahawani akingoja kuitwa na wakubwa. Alichukua nyimbo ambazo kila mpenzi wa tamthilia alizijua kwa moyo, akayaacha mahadhi kama yalivyo, akabadili maneno ili wimbo uanze kuisema tamthilia iliyouzaa. Wanawake wawili, wanaume wawili, mpiga piano, na wigi za kila rangi: mtaji wote ulikuwa huo. Tangu wakati huo onyesho limehama ukumbi mara nyingi, limevuka bahari hadi London, limefungwa 2009 na kufufuka 2012, na limetoa toleo baada ya toleo. Kila toleo hutupa vichekesho vilivyochakaa na kuingiza vipya, kulingana na kinachoonyeshwa msimu huo.

Wengi wanaolisifu husema limedumu kwa sababu linapenda kile linachokidhihaki. Huenda ni kweli, ila upendo haulipi kodi ya ukumbi. Naona sababu yenyewe iko kwenye hesabu. Tamthilia kubwa ikikaribia uzinduzi, mwongozaji huigandisha: kuanzia siku hiyo hakuna neno, hatua wala taa itakayoguswa, kwa sababu kila badiliko linawagusa wapiga ala, mafundi mitambo, washonaji na wenye hisa. Kikundi cha watu wanne hakina cha kugandisha. Nyota mpya akivurunda kwenye jukwaa la jirani leo, mzaha wake unaweza kuwa tayari wiki hii hii, kwa gharama ya wigi na karatasi. Wepesi huo ndio uliokiwezesha kikundi kuwa shahidi wa miaka arobaini. Na udogo wenyewe ni sehemu ya ushahidi, kwa kuwa kilizaliwa wakati ambao Broadway ilianza kuamini kwamba ukubwa ni sifa ya kisanaa.

Ukubwa huo uliingia kutoka Uingereza, na sehemu kubwa yake ilipitia mikononi mwa mtayarishaji Cameron Mackintosh. Cats ilijaza ukumbi takataka kubwa kubwa ili binadamu waonekane wadogo kama paka. Phantom ilikuwa na fanusi la vioo lililoporomoka kuelekea jukwaani kila onyesho. Miss Saigon ilipofunguliwa 1991 ilileta helikopta, na tiketi yake ya juu ikafika dola 100, bei iliyozua gumzo. Les Misérables nayo ilikuwa na duara kubwa kwenye sakafu lililozungushwa kwa mtambo, likiwabeba waasi wa Paris pamoja na vizuizi vyao vya barabarani. Ukitaka kuona kikundi kidogo kinavyojibu, tazama kilivyolishughulikia duara hilo. Sakafu yao haikuwa na mtambo, kwa hiyo waigizaji walizunguka wenyewe. Kifua mbele, uso umekunjamana kwa uchungu wa mapinduzi, na chini yake miguu inakwenda mwendo wa haraka haraka ili mtu aonekane anabebwa na sakafu isiyosogea. Hakuna hoja iliyotamkwa hapo, lakini ukumbi unacheka kwa sababu umeelewa: sehemu nzuri ya utukufu ule wa 1987 ilitokana na mota.

Kisha unakuja wimbo wa sala. Katika tamthilia yenyewe, Jean Valjean anamwomba Mungu amnusuru kijana vitani, na mwimbaji hulazimika kupanda hadi sauti nyembamba ya juu kabisa na kuishikilia huko kwa upole. Alessandrini alibadili ombi: anayeimba anasihi wimbo ushushwe, koo limefika mwisho. Mhakiki wa gazeti angeweza kuandika kwamba wimbo uko juu mno, na msomaji angeamini au asingeamini. Lakini mchekeshaji hawezi kutania kuhusu sauti ya juu bila kuifikia, na akiikosa, kichekesho kimemgeukia mwenyewe. Ndiyo maana naushikilia mwigo wa dhihaka kama uhakiki wenye dhamana kuliko makala: mkosoaji anafanya kazi ile ile anayoikosoa, mbele ya watu waliolipa, bila mtambo wa kumsaidia. Les Misérables ilipozidi kuzeeka, Alessandrini aliirudia tena, safari hii akidhihaki maisha yake marefu yasiyo na mwisho na waigizaji waliokwama ndani yake. Mwaka wa kumi wa tamthilia, ambao gazeti halina safu yake, ukawa umepata mhakiki.

Mada ya umri wa tamthilia inajirudia sana katika kazi hizi, na ndipo zinapokuwa bora. Annie, ile ya yatima mwenye nywele nyekundu iliyoanza 1977, ilimpa Alessandrini mmoja wa wahusika wake wa mapema wanaokumbukwa zaidi: Annie aliyefikisha miaka 30, sigara mkononi, asiyepata kazi nyingine kwa sababu dunia inamtaka awe mtoto daima. Ni utani wa kikatili kidogo. Lakini unamsema nani? Msichana hakuchagua kukua. Aliyechagua ni mfumo unaomtumia mtoto hadi gauni limbane, kisha unamleta mwingine avae gauni lile lile. Katika Phantom nako suala lilikuwa kipaza sauti. Alessandrini alimkutanisha Phantom, mhusika mkuu mwenye kinyago, na Ethel Merman, mwimbaji ambaye tangu Girl Crazy ya 1930 alijulikana kwa sauti iliyofika safu ya nyuma kabisa bila waya. Merman alifariki Februari 1984, miaka minne kabla ya Phantom kufika Broadway, kwa hiyo mkutano huo ungewezekana kwenye kichekesho tu. Marehemu anamweleza mwenye kinyago, kwa mahadhi ya wimbo ambao yeye Merman aliuimba kwenye Call Me Madam ya 1950, kwamba binadamu ameumbwa na kifua. Kumbi zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye sauti ya mitambo na mtazamaji wa kawaida hakuulizwa. Hapa aliulizwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kichekesho kinachofika nyumbani haraka zaidi ni kile cha The Lion King. Tamthilia hiyo ilifunguliwa Broadway Novemba 1997 ikiongozwa na Julie Taymor, aliyesifiwa, kwa haki, kwa vinyago na vikaragosi vilivyomfanya mwigizaji na mnyama waonekane kwa pamoja. Simba, Rafiki na Pumbaa waliingia New York na majina yao kutoka kwetu. Forbidden Broadway ikageuza wimbo wake wa mapenzi kuwa kilio cha maumivu: wenye pembe, shingo ndefu na mataji ya kichwani wanalalamika migongo na shingo. Wahakiki walikuwa wameona uzuri wa kinyago, wakaandika kurasa juu ya uzuri huo. Waliokivaa mara nane kwa wiki walijua uzito wake, na msemaji wao akawa mchekeshaji. Ningependa pia kuona mzaha juu ya jinsi Afrika nzima ilivyobanwa ndani ya mbuga moja yenye lugha zilizochanganywa, maana hapo palikuwa na windo nono, lakini kikundi hiki kinapiga kile kinachoonekana kutoka kiti cha New York. Mzaha huo pengine unawasubiri wachekeshaji wa Mombasa au Dar es Salaam.

Pingamizi la kwanza linatokana na hapo. Watu husema huu ni utani wa wenyewe kwa wenyewe: asiyeitazama tamthilia yenyewe atakaa kama mgeni kwenye harusi ambayo hamjui bwana wala bibi. Kuna ukweli ndani yake. Kichekesho kinachomtania mtunzi Stephen Sondheim kwa kurundika maneno mengi kuliko pumzi ya mwimbaji kinamtaka msikilizaji awe ameshamsikia Sondheim, na matoleo ya zamani yana majina ambayo leo yanahitaji kamusi. Ila sisi wa pwani ndio wa mwisho kulikataa jambo hilo, kwa sababu mipasho ya taarabu imeishi hivyo hivyo. Jina halitajwi, mwenye kuelewa ameelewa, na asiyeelewa anamuuliza jirani, kisha kesho yake anajua kisa chote. Zaidi ya hapo, vichekesho vilivyodumu havitegemei siri. Mtu anayeumwa shingo kwa sababu ya sare ya kazi, anayeombwa sauti asiyo nayo, aliyezeeka kwenye kazi ya ujana: hivyo vinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuajiriwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kisheria: huu ni wizi wa mahadhi ya watu. Marekani imelijadili mahakamani. Mwaka 1964 mahakama ya rufaa iliyoko New York ilitupa madai ya watunzi, jina la Irving Berlin likiwa la kwanza, dhidi ya jarida la Mad lililochapisha maneno ya mzaha ya kuimbwa kwa mahadhi ya nyimbo zao. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kundi la 2 Live Crew lililouchezea wimbo wa Roy Orbison, ilisema kwamba mwigo wa dhihaka unaweza kulindwa hata kama umetengenezwa kwa ajili ya kuuza, na ikatofautisha mambo mawili: kuiga kazi ili kuisema kazi hiyo hiyo, na kuazima kazi ya mtu ili kusema jambo jingine. Kwa kipimo hicho si kila kichekesho cha Alessandrini kimesimama mahali palepale. Wimbo wa Les Misérables unaoisema Les Misérables uko imara. Wimbo wa The Sound of Music uliogeuzwa kumtania Mackintosh kwa biashara yake ya fulana, vikombe na kumbukumbu nyingine uko kwenye udongo laini, na wa Merman na Phantom vilevile, kwani mahadhi yake yalikuwa ya huyo huyo Irving Berlin. Kisanaa, hata hivyo, hizo ndizo azima zenye faida kubwa, maana zinaiweka Broadway ya jana kwenye kiti cha hakimu wa Broadway ya leo. Nani hasa aliibiwa? Aliyecheka alitoka nje akiwa bado anaujua wimbo wa asili. Kwa upande mwingine, Disney, wamiliki wa The Lion King, walisajili maneno hakuna matata nchini Marekani kama alama ya biashara ya fulana, jambo lililowakasirisha Waafrika wengi na kuzaa ombi la hadhara mwaka 2018. Mwenye hofu ya kuazima bila adabu atazame na huko.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linahusu meno. Mwaka 2006 wenye tuzo za Tony walimpa Alessandrini na onyesho lake heshima maalumu. Ilibidi iwe maalumu, kwa kuwa tuzo za kawaida ni za kumbi zenye viti 500 au zaidi zilizomo kwenye orodha ya Broadway, na kikundi hiki hakijawahi kuishi humo. Basi, wanauliza wapinzani, dhihaka inayovishwa nishani na wanaodhihakiwa ni dhihaka gani? Orodha ya walioshirikiana nayo inaonekana kuwaunga mkono. Alvin Colt, aliyebuni mavazi ya Guys and Dolls mwaka 1950, uzeeni alikuwa ndiye anayebuni mavazi ya Forbidden Broadway. Michael McGrath na Brad Oscar walipita kwenye kikundi hiki wakaishia kwenye majukwaa yale yale makubwa, na McGrath akatwaa Tony mwaka 2012. Ni familia moja, wanasema, na watani wa familia hawamjeruhi mtu.

Nadhani hoja hiyo inachanganya jeraha na usahihi. Hakuna kichekesho kilichowahi kuifunga Cats. Ilikaa karibu miaka 18 huku ikichekwa. Lakini hata uhakiki mkali wa magazeti haukuifunga, wala Les Misérables haikuzuiwa na wahakiki wa London walioipokea vibaya mwaka 1985. Kama kipimo cha ukosoaji ni kufunga ukumbi, basi ukosoaji wote wa enzi hiyo ulishindwa. Kilichobaki ni kusema kweli kwa namna isiyosahaulika, na kwa hilo ukaribu ni faida. Colt alijua vazi zuri linavyoshonwa, kwa hiyo alijua pa kulizidisha kidogo ili lichekeshe. Mwigizaji aliyetoka majaribio ya Phantom asubuhi anajua jioni kitu cha kutania. Mgeni angedhihaki fanusi, mwenyeji anadhihaki mkataba. Spider-Man: Turn Off the Dark, iliyogharimu dola milioni 75 hivi na kuwaumiza waigizaji wake kwa mitambo ya kurukia, ilipata sehemu yake katika toleo la 2012. Wakati huo magazeti yalikuwa yamekwisha kuandika mengi kuhusu fedha, na kilichofaa kuongezwa kilikuwa mtu mmoja aliyening'inia kwa hofu.

Pale ninapokubali kushindwa ni kwenye nyuso. Sehemu kubwa ya kila toleo imekuwa mwigo wa mastaa, hasa wanawake wa makamo na wazee: sauti ya kukwaruza ya Carol Channing, macho ya Liza Minnelli, matamshi ya Patti LuPone. Mara nyingine mwigo huo una hoja. Kile kichekesho cha Chita Rivera, aliyemcheza mhusika aitwaye Anita jukwaani 1957, akiteseka kwa kuchanganywa na Rita Moreno, aliyemcheza Anita huyo huyo kwenye filamu ya 1961, kinaisema tasnia iliyoona wanawake wawili wenye asili ya Puerto Rico ikadhani ni mmoja. Mara nyingine lakini hakuna hoja yoyote, ni wigi na mdomo uliopindwa, na vicheko vyake vimeoza haraka kuliko vingine vyote. Vilevile Merman ametumika mno kama rula. Kuna wakati unasikia chini ya mzaha manung'uniko ya kizee kwamba zamani kulikuwa kuzuri, na hiyo si hoja. Kinachomwokoa Alessandrini ni kwamba alipokutana na kitu kipya chenye nguvu alikitambua. Hamilton ya 2015 ilimfanya aandike onyesho zima, Spamilton, lililofunguliwa 2016. Ili kuidhihaki rap ya Lin-Manuel Miranda, mtu aliyekulia kwenye nyimbo za Merman alilazimika kujifunza silabi kwa silabi.

Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba kikundi kingepanda Broadway yenyewe kwa mara ya kwanza, kwenye Hayes, ukumbi mdogo kuliko wote wa Broadway, ukiwa na viti visivyofika 600. Toleo lilipewa jina la Merrily We Stole a Song, likiichezea Merrily We Roll Along ya Sondheim. Tamthilia hiyo ilifunguliwa Novemba 1981, ikafa baada ya maonyesho 16, chini ya miezi miwili kabla ya usiku wa kwanza wa Palsson's. Sasa ilikuwa imefufuliwa na kutwaa Tony, Daniel Radcliffe akiwa miongoni mwa washindi wake. Mpango wa Hayes ukafutwa kabla ya pazia kufunguliwa. Mashabiki walisikitika, na wengine waliona ni dhuluma ya mwisho kwa kikundi kilichoitumikia Broadway kwa zaidi ya miaka arobaini. Sioni hivyo. Viti 600 vya Broadway vina gharama za Broadway: vyama vya wafanyakazi, matangazo, mkopo wa kurudisha, na watayarishaji wa kuwaridhisha ambao baadhi yao wana hisa kwenye tamthilia za jirani. Ingewezekana kucheza humo, ila kubadilisha kichekesho Jumatano kwa sababu ya jambo lililotokea Jumatatu kungekuwa shughuli ya kikao. Toleo lilifunguliwa mwaka huo huo kwenye Theater 555, Mtaa wa 42, upande wa magharibi, nje ya orodha ya Broadway, likiwa na wigi zake na piano yake.